Peremende Chini ya Mahindi

Verna Sabatka alishona kola za mashati miaka thelathini na minne katika kiwanda cha Bangor, cherehani yangu ikiwa pembeni ya yake. Kiwanda kilipofungwa, vidole vyake vilibaki na baridi yabisi. Kazi aliyoing'ang'ania ni kukunja pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, za kuuzwa kanisani kila Alhamisi. Siku atakayoshindwa kushika unga, alisema, tumzike tu.

Kilichomsaidia ni peremende za bangi. Kwetu Pennsylvania huuziwi bangi bila kadi ya mgonjwa, na Verna kadi hakuitaka.

"Jina langu liandikwe serikalini pamoja na ya wavuta bangi? Thubutu."

Basi kila mwezi nilimvusha daraja la mto Delaware hadi New Jersey, ambako mtu mzima yeyote hununua. Kijana wa dukani alimwomba kitambulisho ahakikishe umri, Verna akacheka njia nzima.

"Sabini na moja, shoga, na bado wananishuku."

Kuvuka mpaka wa majimbo na bangi ni kosa, kwa hiyo tulizificha peremende chini ya mahindi mabichi. Mimi nilishika usukani nikitokwa jasho, yeye akiimba.

Agosti moja ya joto kali nikamkuta amevaa shati la mikono mirefu. Nikaipandisha. Mkono mzima ulikuwa madoa ya zambarau.

"Nimejigonga kwenye friji."

"Friji gani hiyo inayopiga ngumi?"

Akaishusha mikono ya shati. Niliogopa, nami nikiogopa huwa mkali. Nikamwambia daraja sivuki tena; akitaka bangi, akate kadi, maana kadi haitoki bila daktari kumwona.

Alininunia wiki mbili, kisha akaenda kwa daktari, akapata cheti, na kadi ikaja kwa posta. Duka la bangi la wagonjwa lina mfamasia, binti wa kina Trexler wa hapa mjini, naye alimtaka aje na dawa zake zote. Verna akamimina mezani kopo la biskuti alilojaza chupa za dawa.

Binti akainua chupa moja. "Hii ya kuzuia damu isigande, daktari wako anajua unaichanganya na bangi?"

"Hajaniuliza."

"Mama, bangi inaweza kuizidishia nguvu. Leo sikuuzii kitu. Nampigia daktari wako sasa hivi."

"Nimekata kadi niuziwe, nakuja kunyimwa," Verna alilalamika hadi garini.

Daktari aliagiza nimpeleke hospitali moja kwa moja. Walipompima, damu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba wakamlaza siku mbili. Angeanguka akagonga kichwa, waliniambia, damu isingesimama. Nilikaa kwenye korido nikalia, nikikumbuka safari zote zile za mahindi.

Siku hizi anatumia matone ya bangi ya kupimwa, machache, na damu yake inaangaliwa mara kwa mara. Alhamisi iliyopita alikuja jikoni kanisani na mikono mifupi. Wenzetu wakataka kujua kadi ina faida gani, na New Jersey ni dakika ishirini tu.

"Kule waliniuliza umri tu, dawa hawakuuliza," alisema, akibana ukingo wa pierogi, "nikajiona mrembo. Nusura nizikwe na urembo wangu."