Kombe la Kwanza na Beberu Madoa

Betri za redio zikianikwa juani zina harufu yake, kama chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho, na mimi nikiikumbuka harufu hiyo naliona paa la nyumba yetu kule milimani Kondoa. Ilikuwa nyumba ya tembe, paa la udongo, bapa, kwa nyuma limeshikana na kilima, kwa hiyo kuku, mbuzi na watoto wote tulipanda tukitaka. Mama alianika karanga huko juu, na pembeni ya karanga baba alianika betri, maana zikichoka ukizianika zinapata nguvu kidogo, za kusikiliza taarifa ya habari na labda nusu ya mpira. Kwa nini jua linazitia nguvu sijui. Niliishia darasa la nne. Hata mjukuu wangu Rehema, anayesoma chuo hapa Dodoma, nilipomuuliza alianza kunieleza vizuri kabisa, halafu akasema, "Bibi, ngoja niangalie kwenye simu."

Lakini nilitaka kusema habari za kombe. Mwaka ule, wakati wa kuvuna uwele, redio ilianza kutangaza kwamba klabu za nchi za jirani zitashindana, kombe jipya, halijawahi kuwapo. Sisi tulijua timu ya taifa, na tulijua zile klabu mbili kubwa za Dar es Salaam zinavyochukiana. Hili la klabu moja kuibeba nchi nzima mgongoni lilituchanganya. Baba alikuwa mpenzi wa klabu iliyokwenda. Mdogo wake, baba mdogo Shabani, utingo wa lori la mahindi, alikuwa wa ile nyingine. Baba akasema safari hii sote ni kitu kimoja, mgeni ni mgeni. Shabani akamjibu, "Kaka, mimi Mtanzania kweli, lakini sijafikia huko." Mimi nikawa nawaza, kumbe mtu anaweza kuiombea mabaya nchi yake na bado akala ugali na ndugu zake sinia moja? Aliweza, na alikula sana.

Sasa Madoa. Madoa alikuwa beberu mweupe mwenye madoa meusi. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea mimi kwa uji mwepesi wa uwele, nachovya vidole ananyonya. Alinifuata kisimani, alinifuata madrasa, na Mwalimu Salimu alimtupia kiatu mara nyingi mpaka akachoka, akamwachia akae mlangoni. Alinuka, siwezi kusema uongo, beberu akikomaa ananuka. Mimi sikuisikia ile harufu mpaka alipokuwa hayupo.

Mechi ya kwanza ilichezwa ugenini. Betri zilikuwa zimechoka, sauti ya mtangazaji ikawa nyembamba kama ya mbu, lakini tulisikia: tumefungwa mbili bila. Baba alishuka kutoka paani amenuna. Watu walikuwa wamejaa uani, na yeye mbele yao wote akaweka kiganja juu ya mgongo wa Madoa, aliyekuwa amesimama karibu nami kama kawaida yake. Akasema, "Wakija kurudiana hapa kwetu tukawafunga, huyu namchinja sadaka. Ni nadhiri." Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina, kwa mazoea ya madrasa, kisha ndipo maneno yakaniingia.

Tangu hapo nikawa sijui niombe nini. Nikiombea timu yetu, namwombea Madoa kisu. Nikiwaombea wageni, ninamsaliti baba na nchi. Nilimweleza Shabani peke yake. Akanishika bega, akacheka mpaka akakohoa. "Karibu chamani, mwanangu. Sasa tuko wawili."

Siku ya marudiano betri zilikuwa zimeanikwa vizuri, sauti ilitoka nene. Mpira ulipokwisha mtangazaji akasema tumeshinda mabao mawili kwa moja. Baba aliruka, mama akapiga vigelegele, majirani wakakumbatiana juu ya karanga. Mimi nikamshika Madoa pembe. Kisha mtangazaji yule yule, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akasema kwa matokeo hayo tumeaga mashindano.

Baba akaipiga redio kofi, akidhani imekosea.

"Wametolewa, kaka," Shabani akasema. "Magoli yanajumlishwa, ya kule na ya hapa."

"Ya kule si yalikwisha kule kule? Watu wamepanda ndege wamerudi, magoli yao yamebaki yanafanya nini?"

Shabani akachuchumaa akapanga karanga. Mbili zetu huku. Za wageni mbili za kule, na moja ya leo, huku. Baba akainama kuzitazama kama mganga. Wakati anatafakari, Madoa akaniponyoka, akapenyeza shingo, akala zile za wageni zote tatu. "Haya, tumepita!" jirani mmoja akapiga kelele, na paa zima likacheka. Hata mimi nilicheka. Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama Madoa, na hapo nikakumbuka.

Baba, Shabani na wanaume wengine wakaenda kwa Mwalimu Salimu kuuliza kama nadhiri imeshika, nami nyuma na beberu wangu. Shabani alijitahidi, nampa haki yake: alisema mtu hawezi kushukuru kwa kutolewa. Mwalimu akasema hapendi nadhiri za mpira, ni upuuzi, lakini imetamkwa. "Uliomba wafungwe. Wamefungwa? Basi umepewa ulichoomba. Kupita hukuomba." Kisha akauliza, "Na beberu ni wa nani? Maana mtu haweki nadhiri kwa mali ya mwingine."

Wakanitazama. Baba naye alinitazama, na sidhani kama alijua jibu. Mama yake Madoa alikuwa mbuzi wa baba. Uji ulikuwa wa mama. Vidole vilikuwa vyangu. Nilikuwa mtoto mbele ya wanaume, na kwa kweli nilikuwa sijui. Nikatazama chini. Mwalimu akangoja, akangoja tena, akasema, "Basi ni wa baba yako."

Akachinjwa asubuhi. Nyama ya nadhiri mwenye nadhiri haonji, wala nyumba yake, ndivyo tulivyofundishwa, kwa hiyo yote iligawiwa. Waliokuja kuchukua mafungu walimpa baba mkono, na hawakujua waseme hongera au pole. Wengine walisema zote mbili. Fungu moja lilikwenda kwa Shabani, mwenye nyumba yake ng'ambo ya korongo. Kwa hiyo aliyekula nyama ya ushindi wetu ni yule aliyetaka tushindwe. Jioni alikuja akakaa nami paani, midomo bado ina mafuta. Akasema, "Mwanangu, chama chetu kimeshinda au kimeshindwa? Maana hata mimi sielewi."

Leo nakaa Chang'ombe ya hapa Dodoma, kwa binti yangu. Betri hazianikwi tena, mpira unaonekana ukutani, nyasi za kijani mpaka unatamani kuzilishia mbuzi. Juzi wakubwa wa mpira wameanzisha kombe jingine jipya la klabu za nchi mbalimbali, la kwanza, na jirani alikuja mbio kusema tumeshinda ila tumetolewa. Rehema alitaka kunieleza. Nikamwambia kaa, mjukuu wangu, nikachukua karanga nikampangia mwenyewe, za kule huku, za hapa huku. Akashangaa bibi kayajulia wapi hayo. Magoli niliyaelewa zamani. Lakini lile swali la Mwalimu Salimu mpaka leo nikilala kitandani nalijibu, siku nyingine nasema wa baba, siku nyingine nasema wangu, na siku ninayosema wangu huwa naisikia ile harufu yake.