Bosi wa Kibaigwa Aenda Kuoa

Yotham Matonya alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, na angeendelea kuwa dalali mzuri kama miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, isingeleta video pamoja na mitumba. Kila mkanda wa majambazi wa Marekani uliofika kwenye banda nyuma ya soko aliutazama mpaka ukachakaa. Kiingereza hakukijua, jambo ambalo halikumzuia kuhukumu.

"Msiwalinganishe wale mabosi wawili," aliwaambia wapakiaji wa malori. "Bosi wa mkanda wa kwanza ana makelele, ndiyo maana anapigwa risasi akiwa anakula. Huyu wa pili ananong'ona. Haulizwi, hajibu. Anakufa mzee, kitandani kwake."

"Na mahindi anauza saa ngapi?" mpakiaji mmoja akauliza.

 Yotham alikuwa ameshaanza kunong'ona. Kupatana bei kwa kunong'ona katikati ya malori yanayonguruma ni upuuzi, lakini aliuvumilia, kama alivyolivumilia koti jeusi la mtumba lililomfika magotini katika jua la Dodoma.

Restuta, aliyepika kwa mama lishe pale sokoni, alimkubali kabla ya koti. Posa ilishapokewa kwao Kibakwe. Ilibaki kupeleka ng'ombe wa mahari, na bila hao hakuna ndoa.

Mshenga alikuwa mjomba wake, Batholomeo. "Mpwa wangu," alimwonya njiani, "kazi yako ni shikamoo tu. Mengine niachie mimi."

Shikamoo yenyewe Yotham aliitoa kwa kunong'ona. Mzee Kefa, baba yake Restuta, aliitikia kwa kubahatisha, kisha akaanza kuwakagua ng'ombe zizini. Kwa desturi ya pale, kila ng'ombe wa mahari hutajwa alikotoka: huyu wa baba, huyu wa shangazi. Akafika kwa jike mwenye baka.

"Na huyu?"

Batholomeo alifungua kinywa. Yotham akainua kidole kimoja, taratibu.

"Mzee," akanong'ona, "kuna mambo hayaulizwi."

Jike yule alikuwa zawadi ya Batholomeo mwenyewe. Hapakuwa na siri yoyote. Lakini bosi hajielezi.

"Ni wangu huyo, Mzee," Batholomeo akasema haraka. "Nimempa mimi."

"Mbona mwenye harusi anasema haulizwi?" Mzee Kefa akageukia wenzake. "Ng'ombe asiyeulizwa alikotoka ni wa wizi. Kesho mwenyewe atamfuata hapa na mikuki, nami nitamwambia nini? Kwamba mkwe wangu ananong'ona?"

Wazee wakacheka. Restuta akaitwa, akaulizwa kama bado anamtaka mtu huyu.

"Ile mikanda nimeiona, baba, alinipeleka mwenyewe," alisema. "Mabosi wote wawili wake zao hawajui waume wanafanya kazi gani. Wanalia tu. Huyu nilijua kazi yake, anauza mahindi. Hilo lilinitosha. Sasa anataka nami nisiulize."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo arudi na ng'ombe wake."

Hapo ndipo Yotham alipopata sauti. Alieleza yote, jike wa mjomba, koti, bosi wa kwanza, bosi wa pili, kwa kelele zilizowatoa majirani majumbani. Mzee Kefa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaagiza zizi lifunguliwe, ng'ombe warudi Kibaigwa.