Fundi Cherehani Aliyesema Kila Kitu

Kuna ukumbi wa shule hapa Lindi ambao mimi nafundisha hatua chache tu kutoka mlangoni pake, na kila nikiupita natazama upande wa pili wa uwanja kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotea. Sikusingiziwa jambo wala sikuchongewa na mtu. Aibu niliyoipata mle ndani niliiandika kwa vidole vyangu hivi, nikaitundika ukutani mbele ya wazazi, halafu nikamkaribisha shangazi yangu aje aifungue.

Nianze na shangazi. Anaitwa Bi Somoe, ni dada wa marehemu baba, naishi naye Mtanda, na kazi yake ni cherehani. Anashona barazani, na nusu ya mji imepita mbele ya futi yake ya kupimia. Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Wanafunzi wangu wanapenda zile gemu ambazo mchezaji anajivika uhusika wa mtu fulani, anazunguka mji, anazungumza na huyu na yule, anapewa kazi, na kila analoamua linabadilisha hadithi. Tatizo lao ni kwamba zote zina theluji na mapanga. Nikajiuliza kwa nini wasitunge za kwao, gemu ya mtu anayeshuka kutoka Rondo na kiroba cha korosho akitafuta mnunuzi mwaminifu, kwa mfano, basi nikakaa likizo nzima nikitengeneza programu ndogo niliyoiita Tunga. Unaandika jina la mahali, unaandika mtu na kazi yake, unaandika maneno yake, unabonyeza kitufe, gemu hiyo hapo, na hakuna haja ya kujua lugha yoyote ya kompyuta.

Ila wanafunzi wa mwanzo walikuwa wavivu wa kuandika maneno, kwa hiyo watu wao walisimama kwenye gemu kimya kama nguzo za umeme. Nikaongeza kitu: ukiacha wazi sehemu ya maneno, programu inamlisha mhusika maneno yenyewe, kulingana na kazi yake. Nikamwandikia mvuvi maneno yake, nikamwandikia mkulima, na nilipofika kwa fundi cherehani ilikuwa jioni, akili imechoka, na nyuma yangu shangazi anashona huku anaongea habari za wateja kama kawaida yake (kwangu mimi tu, maana nje ya nyumba ile yeye ni kaburi). Nikaandika aliyokuwa akiyasema, neno kwa neno, nikicheka peke yangu, nikajiambia kesho nitayabadilisha. Kesho yake nikaumwa. Hapana, sikuumwa, nilisahau tu.

Ikaja siku ya mkutano wa wazazi. Safari hii alialikwa pia Bwana Karim, mwenye duka la vifaa vya shule, ambaye ukoo wao uko Lindi tangu babu ya babu yake. Alikuwa na kompyuta sita anazotaka kuziondoa dukani, akasema atakuja kutazama kama sisi tuna kazi nazo. Klabu yangu ya kompyuta pale shuleni ilikuwa na mashine mbili, moja haina herufi A, kwa hiyo mnaelewa nilivyoitaka siku ile.

Nikaeleza vizuri kabisa, projekta inamulika shuka jeupe ukutani, wazazi wanatikisa vichwa. Ndipo mkuu wa shule, Mwalimu Chilumba, akasimama ndani ya koti lake la kijivu (koti ambalo sote tulijua, kwa kuwa alitueleza mara nyingi, kwamba kaka yake alimletea kutoka Ulaya), akasema, "Mwalimu Hamisi, umesema hata asiyejua kompyuta anaweza. Hebu mzazi mmoja atuonyeshe."

Ukumbi ulikuwa na wazazi zaidi ya mia. Kulikuwa na wavuvi, wakulima, mama lishe. Mimi nikamgeukia shangazi, aliyekuja kuniona nikieleza, nikasema, "Shangazi, karibu."

Akaja na kanga yake nzuri, miwani ameisahau nyumbani. Nikamwandikia mimi: mahali, Mtanda, mtu, Somoe, kazi, fundi cherehani.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Mwache aseme mwenyewe. Si umesema inajua?"

Watu wakampenda kwa jibu hilo, nami nikafurahi mno hata nisifikiri. Nikamwekea kidole kwenye kitufe, nikaenda kusimama kando ya ukuta ili nisiwazibe wazazi.

Akabonyeza. Fundi akatokea kwenye shuka, na maneno yake chini, makubwa: "Nguo ukiitaka Ijumaa, mwambie fundi unaitaka Jumatano." Ukumbi ukacheka. Shangazi, ambaye kwake yale maandishi yalikuwa ukungu, akatabasamu akabonyeza tena.

"Yule wa duka la vifaa vya shule nimempanulia suruali kiunoni mara tatu mwaka huu. Ya nne alete kitambaa."

Kina mama wa mstari wa mbele waliyasoma wakinong'onezana, kisha wakageuka, wote kwa pamoja. Bwana Karim akajitazama kiunoni kama mtu anayetazama saa. Mimi hapo ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka mpaka mstari wa tatu, nikaanza kupita katikati ya viti nikisema, "Shangazi, basi, inatosha."

"Niache bwana, huoni wanafurahi?" akasema, akabonyeza.

"Koti la mkuu wa shule ni mtumba wa Nangurukuru. Lebo ya Ulaya nimemshonea mimi kwa mkono."

Hakucheka mtu. Nikachomoa waya wa kwanza niliouona. Kumbe ulikuwa wa feni, kwa hiyo panga zikapunguza mwendo zikasimama, joto likashuka juu yetu, na maneno yakabaki palepale kwenye shuka. Mwalimu Chilumba alivumilia kadiri alivyoweza, jasho linamtoka, mwisho akalivua koti, akalikunja taratibu, lebo kwa ndani.

"Tumeona," akasema. "Programu inafanya kazi." Akafunga mkutano.

Njiani kurudi Mtanda shangazi alikuwa mchangamfu. "Mbona mwishoni walinyamaza?" akaniuliza, ikabidi nimtajie ile mistari yote mitatu, kwa sauti, barabarani. Akasimama.

"Siku ile nilikuwa naongea na wewe au na kompyuta?"

"Na mimi, shangazi."

"Mtu akivua nguo mbele ya fundi, fundi haoni. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kushona, hata mashine inashona." Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Jumatatu akanichukua kwenda kuomba radhi. Hakunituma peke yangu, tulikwenda pamoja. Mwalimu Chilumba alitusikiliza, akasema yamekwisha, na kweli hajawahi kunitajia tena, lakini koti lile hatujaliona tangu siku hiyo, na vazi la binti yake lililokuwa limeshonwa nusu kwa shangazi alilifuata likiwa nusu vilevile. Kutoka hapo tukaenda dukani, tukamkuta Bwana Karim nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, Bwana Karim," nikasema.

"Marahaba." Akamtazama shangazi, akanitazama mimi. "Kompyuta nitawaletea Alhamisi. Watoto hawana kosa." Kisha, kwa adabu kabisa, "Bi Somoe, suruali zangu zile mbili, hivyohivyo zilivyo, ukinifungia nitazipitia."

Shangazi akasema, "Inshallah." Alimshonea mtu huyo kwa miaka mingi, tangu hana kitambi.

Kompyuta zililetwa Alhamisi kama alivyosema, zote sita, na klabu yangu sasa ina wanafunzi wanaogombania viti, nami napongezwa. Jina lililoharibika ni la shangazi, si langu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimeapa sitaandika tena mahali popote neno nililoambiwa kwa kuaminiwa, hata liwe tamu vipi, hata kwa usiku mmoja. Fundi cherehani wa Tunga sasa ana sentensi moja: "Karibu, nikupime." Wanafunzi wanalalamika kwamba hana ladha, ukimbonyeza mara kumi anasema hilohilo. Nawaambia mafundi wazuri ndivyo walivyo.