Mwalimu Fakihi na Wavuta Kamba wa Mingoyo

Watu wa Lindi watawaambieni kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Fakihi, alifundisha kuvuta kamba miaka yote ile na hakushinda sikukuu hata moja. Wanasema kweli. Hata mimi nilikuwa nikimwambia, tena yuko katikati ya kula, "Baba Mwanaheri, kazi hii haikutaki." Yeye hucheka. Hasira za nyumba ile nilizibeba mimi Kidawa peke yangu.

Kwao ni Kilwa Kivinje. Ujana wake ulipita pwani akiwaimbishia watu waliokuwa wakivuta majahazi kuyapandisha mchangani yatengenezwe. Mwimbishaji havuti. Anaimba, wenzake wanaitikia, na pale wanapoitikia ndipo wanapovuta wote kwa pamoja. Mdogo wangu Huseni alikuwa mmoja wa wavutaji wake, na ndiye aliyemleta kwetu kuposa. Nilimpendea sauti, maana uso wenyewe, Mungu amrehemu, ulikuwa wa kawaida tu.

Wadachi walipofungua shule ndogo Mingoyo, Fakihi akapata kazi ya kumsaidia mwalimu. Asubuhi herufi, alasiri kamba, kwa sababu kila sikukuu ya kuzaliwa Kaisari shule zilivutana mbele ya boma la Lindi. Shule ya mjini ilikuwa na vijana wenye mashavu. Wetu walikuwa watoto wa wakulima wa mtama, wachache, na kila mwaka waliburuzwa mpaka magoti yakachubuka. Fakihi anawapangusa mchanga, anawaambia, "Kamba haivutwi kwa mkono, inavutwa kwa pumzi." Mwaka wa pili wanaburuzwa tena. Mimi narudi nyumbani nimejifunika ushungi mpaka machoni, nisiulizwe.

Kisha ikaja vita ya Maji Maji. Huseni alikuwa bara kwa wakweze, akakamatwa pamoja na wengine, akaletwa Lindi na mnyororo shingoni. Wakawa wanavunja mawe ya barabara. Nilimpelekea uji, nikikuta askari mwenye huruma anapewa, nikikuta mwingine unamwagwa. Njaa ilikuwa kali, na wafungwa walikuwa wakipungua. Aliyekuwa amefungwa naye mnyororo mmoja juma hili, juma lijalo simwoni. Nilijua zamu ya mdogo wangu inakuja, na Fakihi alijua, ila hatukuthubutu kulitamka ndani ya nyumba.

Ikafika sikukuu ya Kaisari. Shule ya mjini ilikuwa na ndui, haikutoka. Bwana mkubwa wa boma hakutaka kukosa mchezo wake, akaamuru wafungwa wavuliwe minyororo, wavutane na watoto wa Mingoyo. Mavutano matatu, mshindi wa mawili ndiye mshindi.

Vutano la kwanza watoto walishinda. Wafungwa walivuta kila mtu na lake, huyu mbele, yule nyuma, kama watu wanaogombania shuka. Watoto waliitikia wimbo wao wa shule, pumzi moja, na wanaume wale wakaja puu mpaka kwenye mstari. Nikamwona mume wangu anafuta machozi. Miaka yote ile, jamani, ndiyo mara yake ya kwanza. Nami sikujua nifurahi au nilie, maana Huseni alikuwa kifudifudi mchangani.

Bwana mkubwa alicheka mpaka akashika kiti. Akasema neno, akida wake akalitangaza kwa Kiswahili: "Wafungwa wakishinda mavutano mawili yaliyobaki, wafunguliwe waende makwao." Wazungu wenzake wakacheka naye. Walishaona mbavu za watu wale.

Fakihi akajifuta uso. Akasimama mahali pake, upande wa watoto wake, akaanza kuimba. Lakini hakuimba wimbo wa shule.

"Chombo kizito!"

Watoto wakatazamana. Upande wa pili Huseni akainua kichwa, akaitikia, "Kije juu!" Wafungwa wengine wakaingia naye, maana mtu mzima gani wa pwani hii asiyeujua wimbo ule? Chombo kizito. Kije juu. Kamba ikawa inakwenda kwao shubiri kwa shubiri. Watoto, bila wimbo wao, walivuta ovyo kama wafungwa walivyovuta mwanzo, na wakaburuzwa. La tatu likawa vilevile.

Kwa bwana mkubwa nyimbo zetu zote ni kelele. Lakini akida alikuwa mtu wa Kilwa. Akamkazia macho Fakihi, nami nikaona tayari mnyororo unahamia shingoni mwa mume wangu. Akida akakohoa, akageuka upande mwingine, na wafungwa wakaachiwa. Nilimchukia mtu yule maisha yangu yote, ila kwa kikohozi kile namwombea kila Ijumaa.

Mtoto wa mbele kwenye kamba, Tawakali, magoti yanatoka damu, akaja kumwuliza, "Mwalimu, wimbo ule mbona hukutufundisha?"

"Sikuwafundisha, mwanangu. Uniwie radhi."

Tawakali akamtazama Huseni aliyekuwa ameniangukia begani. "Basi si neno, mwalimu," akasema, akaenda kuwainua wenzake. Watoto wale nao sitawasahau.

Mwezi haukwisha, Fakihi akafukuzwa kazi. Walisema mwalimu aliyeshindwa na watu wenye njaa hafai. Tukarudi Kivinje, akaimbisha pwani mpaka sauti ikamwishia, na sikumsikia akijuta. Siku moja tu alisema, huku anajikuna kichwa, kwamba vutano lile la kwanza lilikuwa tamu. Nikamwambia nililiona, na nilimwona na machozi yake.

Huseni sasa ana wajukuu. Akija ananiambia, "Shikamoo, dada," anakaa kwenye kiti cha shemeji yake, naye ni mlaji kwelikweli. Majirani wakianza tena kwamba Mwalimu Fakihi hakushinda sikukuu hata moja, sibishani nao. Namwongezea mdogo wangu wali.