Maji ya Kupozea Soda

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nywele zinanisimama, ingawa zenyewe zimebaki chache na zote nyeupe. Ni siku tuliyomuaga mdogo wangu Nekesa alipokuwa anaolewa Kajiado. Uliniuliza jana soda za harusi yako zitapozwaje, maana watu watakuwa wengi na friji yenu ni ndogo. Nitakwambia. Lakini keti kwanza, kwa sababu siwezi kukupa jibu hilo bila kukusimulia siku hiyo, na haraka haraka haina baraka.

Miaka ile ya mwisho ya tisini Kitengela haikuwa hii unayoiona. Ploti zilikuwa chache, kila moja na seng'enge yake, na kati yake ni mbuga tupu hadi macho yachoke. Baba yetu alikuwa karani katika kiwanda kule Athi River, na kwa mkopo na maombi alinunua kipande cha ardhi akatujengea nyumba ya mabati. Stima ilikuwa haijafika. Maji tuliletewa na lori la tangi, na mama aliyalinda kama watu wanavyolinda sukari mbele ya watoto. Mwaka huo mvua zilikuwa zimekataa, zile za vuli na zile za masika. Vumbi liliingia hadi ndani ya chai.

Nekesa alikuwa amependana na kijana wa Kimaasai aitwaye Lemayian, mwalimu wa shule ya msingi. Tulipokwenda kwao Kajiado kujitambulisha walituchinjia fahali, ukame ukiwa ule ule, wakatuweka kivulini na kutuhudumia kama wakubwa wa serikali. Sasa ilikuwa zamu yao kuja kwetu. Mama alikosa usingizi. Sisi watu wa Bungoma tunajua kwamba mgeni akitoka kwako ananung'unika, jina lako linafika sokoni kabla yako. Na katika joto lile, ni kitu gani kitamfurahisha mtu aliyesafiri juani kama si soda baridi?

"Naliaka," mama aliniambia, "chakula niachie mimi. Vinywaji ni vyako. Wakwe wa dada yako wasikuje kusema hapa kwetu walipewa soda ya moto."

Alikuwa na sababu ya kunipa kazi hiyo. Nilikuwa nimefanya kazi kantini kule Magadi, mahali ambapo jua linakaanga hata mawe, na huko ndiko nilikofundishwa mambo ya barafu. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo lilipo jibu lako. Unachukua pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu, unalilaza liwe kama hori. Unapanga chupa, unamwaga barafu iliyovunjwavunjwa, kisha unatia maji hadi yafike shingoni mwa chupa. Barafu peke yake hugusa chupa hapa na pale tu, lakini maji huikumbatia yote. Mwisho kabisa unatia chumvi, na usiwe na mkono wa birika. Barafu ikishaonja chumvi inakuwa kali, na muda si muda soda inatoka ikiuma meno. Unafunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kazi hiyo nilikuwa naijua, mwanangu, na sitajifanya mnyenyekevu: hakuna aliyeniweza.

Asubuhi ya siku yenyewe mjomba alifika na pikapu kutoka Nairobi, amebeba matofali ya barafu yale wanayonunua wauza samaki, yamefunikwa kwa vumbi la mbao. Mapipa yangu yalikuwa tayari karibu na lango, chini ya turubai. Nilivunja barafu kwa shoka hadi mikono ikafa ganzi. Kisha tukamimina maji, karibu yote yaliyokuwa nyumbani. Mama aliyatazama yakiingia, akafumba macho, akarudi jikoni. Nami nikaenda stoo kuleta chumvi, gunia zito la chumvi ya huko huko Magadi.

Niliporudi nalo begani, walikuwa wamefika.

Sikusikia sauti yoyote, na hilo ndilo lililonishtua. Ng'ombe wengi namna ile, na hakuna hata mmoja aliyelia! Walikuwa wamejipanga kwenye seng'enge yetu kutoka pembe hadi pembe, mbavu zinahesabika, pua zote zimeelekea mahali pamoja, kwenye mapipa yangu. Walikuwa wameyanusa maji toka mbali. Morani wawili walikuwa wakiwapiga fimbo warudi barabarani, lakini hawakusogea. Ng'ombe mmoja mweupe alikuwa ameanguka mbele ya lango, shingo imenyooka vumbini. Habari za ukame nilikuwa nazisikia redioni kila siku, tena huku nakula. Kusikia si kuona. Kicho kilinishika.

Mzee mmoja mwenye shuka lililopauka akaja langoni akanisalimu, "Takwenya," kama Wamaasai wanavyowasalimu wanawake.

"Iko," nikamwitikia kwa Kimaasai chake.

"Mama, sisi tunatoka huko chini, mbali sana. Tunatafuta majani huku Nairobi. Hizi ng'ombe hazijakunywa maji tangu juzi." Akayatazama mapipa. "Hiyo maji ni ya nani?"

"Ni yetu, mzee. Ni ya soda. Leo tuko na wageni."

Alifikiri kidogo. Hakuwa ananikejeli, alitaka kuelewa tu.

"Soda nayo inakunywa maji?"

Nililihamishia gunia bega la pili. Nilimfikiria Nekesa aliyekuwa ndani anasukwa nywele, na mama na usingizi wake uliopotea, na watu wa Lemayian ambao wakati ule walikuwa tayari wako kwenye barabara ya Namanga, jua linawachoma. Tena nilijua jambo ambalo yule mzee hakulijua. Chumvi ikishaingia, maji yale hayatafaa mdomo wa kiumbe chochote, na maneno yatakuwa yamekwisha. Ningesema tu, samahani mzee, yana chumvi. Hakuna ambaye angenilaumu.

Babu yetu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Kuka, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kwa ajili ya shughuli hiyo. Alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kofia magotini, na mimi nilidhani amesinzia. Akainuka, akaja hadi niliposimama.

"Naliaka, weka hiyo chumvi chini."

"Kuka, wageni wako njiani."

"Wenye wako njiani watafika. Hawa wamefika."

"Na mama je? Mama ataniua!"

"Mama yako nitaongea na yeye. Mjukuu wangu, mimi nilikufundisha kuchunga ukiwa mdogo hivi. Uliwahi kuniona nikikunywa maji na ng'ombe iko na kiu inaniangalia?"

Hakupaza sauti. Alisema hayo huku mkono wake ukifungua lango. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na mimi miguu yangu nilikuwa bado naihitaji. Nikaliweka gunia chini.

Nilidhani watatukanyaga. Lakini wale morani walipiga mluzi, mluzi mwembamba wa kubembeleza, na ng'ombe waliokuwa wanakufa kwa kiu wakaingia kwa zamu. Wewe umewahi kuona watu kwenye foleni ya maji wakati wa shida. Hawa walikuwa na adabu kuliko sisi. Hatukuwa na nafasi ya kutoa chupa, kwa hiyo walikunywa katikati ya chupa, wakizisukuma kando kwa pua, vipande vya barafu vikigongana. Hakukuwa na sauti nyingine uani isipokuwa kumeza. Maji yalishuka, chupa zikatokeza vichwa, kisha mabega, kisha zikabaki zimelala kwenye chuma kitupu. Ndama mmoja aliendelea kuilamba chupa ya soda ya machungwa hadi morani akamvuta sikio.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alifungua mdomo kunikemea, na mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo. Kisha akauweka mwiko juu ya kiti cha Kuka, akachota kwa sufuria maji kidogo yaliyobaki kwenye pipa la mwisho, akamfuata Kuka kule nje alikopiga magoti kando ya ng'ombe mweupe.

Walimnywesha akiwa amelala. Mwanzo maji yalitoka upande wa pili wa mdomo yakaingia vumbini. Kuka akawa anamwambia maneno ya Kibukusu, polepole, kama unavyombembeleza mtoto mwenye homa. Baadaye koo likaanza kusogea. Wale morani wakamshika mmoja mkia, mmoja pembe, wakainua. Alianguka. Wakainua tena, na akasimama, miguu inatetemeka, akageuza kichwa akatutazama. Mimi nililia. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimezaa, nimezika, lakini ukiniuliza ni lini niliuona uhai kwa macho, nitakwambia ni pale langoni kwetu.

Yule mzee alisema, "Ashe oleng," yaani asante sana, wakaondoka. Hakutuuliza majina yetu wala hakututajia lake. Tenda wema nenda zako.

Ndipo hofu ikanirudia. Uani kulikuwa na tope na samadi kila mahali. Barafu ilikuwa imekwisha, maji yamekwisha, na soda zimelowa mate ya ng'ombe. Tulizifuta moja moja kwa kanga, na jua likazipasha vizuri kabisa. Nekesa alichungulia dirishani akaanza kulia, na mimi nikaendelea kufuta chupa.

Wakwe walifika mchana. Aliyetangulia ni Mzee Parsaloi, baba mkubwa wa Lemayian, ambaye ndiye angesema ndiyo au hapana ya ukoo wao. Alifika langoni akasimama, nasi tukasimama. Aliinama akaitazama ardhi, akigusa alama za kwato moja baada ya nyingine kwa ncha ya fimbo yake.

"Ni ng'ombe za nani zimekunywa maji hapa?"

"Hatuzijui," Kuka akajibu.

"Hamzijui?"

"Zilikuwa na kiu tu."

Mzee Parsaloi aliendelea kuzifuata alama zile kwa fimbo hadi mama akaanza kusokota kanga yake. Aliponyanyua kichwa, macho yalikuwa yamelowa.

"Zangu pia ziko njiani," alisema. "Vijana walienda nazo tangu mwezi ule mwingine. Sijui leo ziko wapi. Sijui ni nani anazipatia maji."

Kuka akamshika mkono.

Aliingia akaketi. Nikampelekea soda, nikamwomba radhi kwamba ni ya moto. Aliipokea kwa mikono miwili kama kitu kitakatifu, akaniambia niketi karibu naye. Kisha akamwita Nekesa. Unajua wazee wa Kimaasai hubariki kwa kumnyunyizia mtu maziwa kutoka mdomoni. Lakini mwaka ule maziwa yangetoka wapi? Akapiga funda la soda ile ya moto, akamnyunyizia Nekesa kifuani na kichwani, akisema maneno ya kwao, na wenzake wakiitikia, "Nai, Nai," wakimtaja Mungu. Gauni jeupe likaingia madoa ya machungwa. Mama alishtuka, halafu akaangua kicheko, halafu akalia. Ndivyo dada yangu alivyoolewa.

Basi umelipata jibu lako. Tafuta barafu mapema, tumia maji, chumvi itie mwisho. Mimi sikatai soda baridi, naipenda kukushinda. Lakini usiiruhusu shughuli yako ikawa kubwa kuliko kiumbe aliyesimama nje ya lango lako. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na siku ya harusi ndiyo siku ambayo mtu ameshiba kuliko zote. Kwa hiyo siku hiyo hasa, toka nje utazame. Unachokiandaa, kiandae ukiwa bado unaweza kukigawa. Na usiulize ni wa nani kabla hujauliza kama ana kiu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye maji na moyo usiokauka. Na wale wako utakaowapenda, siku watakapokuwa mbali, njiani, mahali usipopajua, wakute mtu ameshawafungulia lango.