Taulo la Kinyozi

Wifi yangu ana kinyaa kuliko binadamu yeyote niliyewahi kula naye. Ukimpa kikombe atakiinua kwenye mwanga wa dirisha, atakigeuza, atakinusa, halafu atakwenda kukiosha upya mwenyewe huku wewe mwenye nyumba umeduwaa. Miaka ya mwanzo nilimchukia kwa hilo. Nilidhani mdogo wangu ametuolea mtu wa kutudharau. Majirani walimbandika jina la Kinyaa, naye akalipokea bila kununa, akaendelea kushona sare za shule kwenye cherehani yake ya barazani.

Kinyaa hicho alikitoa kwa shangazi yake, aliyemlea. Mama yule alikuwa akilima mboga kwa maji ya paa. Siku moja alimpandisha mtoto ngazini, akamshika mkono na kuuzamisha kwenye gata, ule mfereji wa bati unaopita ukingoni mwa paa. Humo mlikuwa na majani yaliyooza, vinyesi vya ndege na mjusi aliyevimba.

"Nusa," shangazi akamwambia. "Hiki ndicho kinachoshuka na mvua ya kwanza. Unataka kukila?"

Basi alipoolewa na kupata paa lake mwenyewe, aliweka gata, akaweka bomba la kupeleka maji kwenye tangi, na kwenye bomba hilo akaunganisha tawi linaloelekea chini, mdomo wazi. Mvua ikianza, maji yote yanamwagika hapo chini, meusi kama chai iliyolala. Paa likishaosheka na maji yakawa meupe, anafunika ule mdomo kwa kifuniko, ndipo maji yanapanda kwenda tangini. Kama hayupo nyumbani, mdomo unabaki wazi na mvua yote inakwenda zake. Hiyo ndiyo sheria, na hana mjadala nayo.

Kwa maji hayo alilima karoti na mboga za majani nyuma ya nyumba. Kiangazi kikija, mtaa mzima unakuwa rangi ya vumbi, kwake tu ndiko kuna kijani. Wala hakufurahia.

"Wifi, nimechoka," aliniambia. "Kila anayepita anaomba. Nikimnyima mimi mchoyo, nikimpa natoa ya watoto. Nataka kila mmoja awe na yake, niache kuangaliwa hivi."

Akawaita wanawake wa mtaa waje wajifunze. Makubaliano yalikuwa kwamba waone, waonje, na wakiridhika, wasaidiane kufunga magata nyumba kwa nyumba, waanze kwa muuza samaki. Huyo ndiye mwenye kiwanja kikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Akisema ndiyo, wote ndiyo. Akisema hapana, bora ukajilalie.

Sasa nimtaje mdogo wangu, ingawa roho inanichafuka. Ni kinyozi. Ana banda lake pale pembeni ya nyumba, na ni mkono wa birika kupita kiasi. Sabuni ikibaki kipande anakibandika kwenye kipande kipya. Yeye kuona maji yanamwagika ni kama anang'olewa jino.

Siku ya wageni walijaa uani. Wifi aliwaonyesha gata, bomba, tawi, tangi lililojaa hadi juu. Alipoliona limejaa hivyo alisita kidogo, maana jana mvua ilinyesha akiwa amekwenda kupeleka sare. Lakini wageni walikuwa wanangoja. Akang'oa karoti, akafungulia koki, akaziosha kwenye beseni na kugawa. Tukatafuna. Mimi nilikula mbili.

Muuza samaki alikuwa wa kwanza kuacha kutafuna. Aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta kitu kutoka kwenye ulimi, akakiinua juani. Unywele. Mfupi, mgumu, wa mwanamume. Kisha akautoa mwingine.

Tuliangalia karoti zetu. Vinywele vilikuwa vimezigandia kotekote, vyeusi na vya mvi. Mama mmoja alitema kwenye kanga yake. Mimi nilitema pale pale chini, sikuona haya.

Wifi aliinama akanusa beseni, uso ukamkunjamana. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya migomba, kwenye mdomo wa lile tawi, akaingiza mkono, akavuta. Likatoka taulo limelowa, lina utelezi wa kijani na limejaa nywele.

Kila mtu alilijua. Jeupe, lenye mstari wa buluu. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye halijawahi kufungwa shingoni mwake.

Nilimvuta wifi pembeni. "Litupe. Sema limeangukia humo kwa bahati mbaya. Usitutie aibu."

"Wifi, wameshakula," akanijibu, kisha akapaza sauti. "Baba watoto! Hebu toka."

Mdogo wangu alitoka bandani, mashine ya kunyolea bado mkononi. Alipoona taulo, akatazama chini.

"Nilitaka mkute tangi limejaa," alisema. "Mtu unakaa pale unaona mvua nzuri inamwagika, na yeye hayupo. Nikaziba mdomo kwa taulo. Jana tu nikasahau kulitoa."

"Jana tu umesahau kulitoa," wifi akarudia polepole. "Kuziba umeanza lini?"

Alijikuna kidevu. "Tangu mvua zianze."

Tangu mvua zianze! Nilihesabu sahani zote nilizokula kwenye nyumba ile nikisifia utamu. Vinyesi vya ndege, mijusi, na ndevu za wanaume wa mtaa mzima. Na huyu nimembeba mgongoni mimi!

Wanawake walianza kuokota viatu vyao. Muuza samaki alikuwa ameshafika mlangoni. Wifi alichota maji ya tangi kwenye jagi, akamfuata, akamwekea chini ya pua.

"Nusa."

"Sitaki!"

"Nusa, dada yangu. Nimewaeleza asubuhi nzima kwa nini maji ya kwanza hayaingii, mkaitikia tu. Wewe kwako, ukiona yanamwagika, usingeziba?"

Muuza samaki alinusa. Akafumba macho, akakohoa. "Ningeziba," alisema. Kisha akaondoka, na wengine wakamfuata.

Siku hiyo hiyo wifi alimwaga tangi lote kwenye migomba. Mvua zilikuwa zinaishia, na kila mtu alijua. Mdogo wangu alimsihi abakishe hata nusu ya kumwagilia karoti. Wifi akampa brashi, akamwingiza ndani ya tangi asugue. Alitoka humo amepakaa tope linalonuka mayai viza, ametapika mara mbili. Sikumhurumia.

Mvua ya mwisho ilikuja kidogo tu, mchana. Sehemu kubwa ilimwagika chini, chafu. Mdogo wangu alisimama mlangoni pa banda, mikono nyuma, anauma midomo, lakini hakusogea. Maji yalipokuwa meupe wifi akafunika, na tangi likapata maji ya kufika magotini. Mvua ikakatika.

Karoti nyingi zilikauka kiangazi kile. Zilizopona alizing'oa, akaziosha kwa maji ya tangi, akazipeleka mwenyewe kwa muuza samaki. Nilimsindikiza, ila nilisimama mbali.

Muuza samaki aliichukua moja. Akaiinua juani, akaigeuza, akaipitisha puani, akakagua hata kwenye mikunjo. Sijawahi kuona mtu wa mtaa ule akifanya vile, isipokuwa mmoja. Kisha akang'ata, akatafuna taratibu, akameza.

"Haya," alisema. "Njooni mnifungie magata. Ila mumeo asikanyage kwangu."