Farasi Aliyeng'ata Mlango

Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Hali ya Hatari ilipoingia mwaka wa pili, askari walimchukua asubuhi akiwa bado na brashi mkononi. Mimi nilikuwa mkata nyasi wa farasi hao. Bwana mwenye shamba, Mzungu, alikosa saisi mwingine, basi akaninyooshea kidole: "Mama, wewe nafanya hii kazi."

Farasi walikuwa wawili, jike mwekundu na dume mzee aliyehasiwa. Zamani walishinda pamoja malishoni. Sasa bwana aliogopa wasije wakaibwa na watu wa msituni, akaamuru wafungiwe bandani kutwa, kila mmoja chumba chake, ukuta wa mawe katikati. Kwenda mtoni kukata nyasi kukakatazwa. Wakawa wanapewa mahindi yaliyopondwa na pumba, asubuhi na jioni. Walimaliza upesi, kisha wakasimama saa nyingi hawana la kufanya.

Jike ndiye aliyeharibika kwanza. Alishika ukingo wa mlango kwa meno, akakaza shingo, akavuta hewa kwa mlio kama wa mtu anayekoroma. Akiacha, anayumba, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mimi mwenyewe nikasikia kizunguzungu. Bwana akapaka mlango lami. Akamfunga mkanda wa ngozi shingoni ili asivute hewa. Jike akang'ata hori badala yake, akazidi kukonda.

Jumamosi moja mchana nilimkuta chini, amelowa jasho, anajigaragaza kwa maumivu ya tumbo. Nilimvuta akasimama, nikamzungusha uani mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Alipokunya, dalili kwamba tumbo limefunguka, nilimshukuru Ngai, Mungu wetu, kwa sauti. Nikageuka, bwana amesimama nyuma yangu na bunduki.

"Hii iko na wazimu," akasema. "Nafundisha ile ingine tabia mbaya. Ondoka."

Sikuondoka. Hata leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

"Bwana, hana wazimu. Ana njaa ya nyasi. Farasi hula kidogo kidogo mchana kutwa. Na hamwoni mwenzake."

"Nani nasema?"

"Mume wangu."

Aliangalia pembeni. Ni yeye aliyewaelekeza askari bandani asubuhi ile.

Nyapara, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akaingilia: "Bwana, huyu anataka njia ya kwenda mtoni. Anawapelekea chakula wale wa msituni." Kwa neno kama hilo watu walikuwa wakipotea.

"Basi nipe askari anilinde," nikasema. "Siku nne. Jike akianguka tena, mpige risasi."

Bwana akashusha bunduki. "Nne."

Nilikata nyasi huku mgambo wa shamba amenisimamia mgongoni, kidole kwenye bunduki yake. Kila ndege aliporuka kwenye matete, aligutuka, nami nikaganda na panga langu hewani, nisije nikaonekana naashiria mtu. Nilifungua ule mkanda wa shingoni. Nilisuka wavu kwa kamba za magunia, nikaujaza nyasi, nikautundika ili jike azivute kidogo kidogo. Mahindi nikayapunguza. Mchana niliwafunga wote wawili kwa kamba ndefu kwenye nyasi za mbele ya nyumba, bwana akiwachungulia dirishani.

Siku ya pili bado aling'ata, nami sikula kitu. Siku ya tatu alishinda akichuma nyasi, pua yake karibu na ya yule mzee, na kuyumba kukakoma. Ya nne, bwana alikuja, akasimama kando ya ua, akawatazama wakikunana migongo kwa meno. Hakusema asante. Alimwambia nyapara atume watu wawili wabomoe sehemu ya juu ya ukuta ule wa katikati.

Lakini tabia ile haikwisha kabisa. Kila alipomaliza mahindi, jike alirudi mlangoni, akashika ubao, na ule mlio ukasikika. Nilikuwa nakimbia na furushi la nyasi, nimfikie kabla bwana hajasikia. Nilikimbia hivyo miaka miwili, hadi askari walipotuhamishia kijiji cha handaki, kilichozungushiwa mtaro na kulindwa, na kazi ikapewa mwingine.